Kalipa za Mayala

Jumatatu, 3 Julai 1995

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwuliza umebakiza muda gani. Akatazama dirishani. Mtu anayetazama dirishani jibu analo, hataki tu kulitoa. Nilimwandika kwenye orodha yangu ya watu wa kuchunguza, kisha nikamfuta. Dawa nazipata kwake.

Jioni nimekwenda kuungama kwa Padri Marcelo. Miaka sabini, dhambi ndogo nyingi, kubwa moja. Hiyo kubwa sikuwahi kuitamka kwa mtu. Naiandika hapa kwa sababu binti yangu Justina, ninayeishi naye, hawezi kusoma mwandiko wangu. Ama ndivyo anavyodai.

Mwaka 1981 nilikuwa mkaguzi wa shule hapa Bariadi. Rafiki yangu Mayala alikuwa mkuu wa stesheni ya reli Malampaka. Kila mmoja alikuwa na Pijo 504, za mwaka mmoja, rangi moja ya maziwa. Vipuri havikuwepo nchini. Mayala akapelekwa kozi Dar es Salaam miezi mitatu, akaliacha gari lake uani kwangu. Alisema Malampaka kuna wezi.

Sasa gari langu lilikuwa na ugonjwa. Kalipa zake, yaani vile vyuma viwili vya magurudumu ya mbele vinavyobana diski za breki, zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zimeganda. Za Mayala zilikuwa safi kama sahani ya harusi. Nikabadilisha. Kazi ya Jumapili moja, watu wakiwa kanisani.

Mayala alimtuma Ndaki, kaka wa mkewe, aje kulichukua gari. Walipokaribia Malampaka breki zikashika upande mmoja, Ndaki na gari wakaingia kwenye majaruba ya mpunga. Fundi akafungua, akakuta kutu. Mayala akaamini kwamba shemeji yake ameuza kalipa njiani na kuweka mbovu. Akaja kuniuliza mimi. Nikamjibu kwamba siku ile Ndaki alionekana mwenye haraka.

Maneno hayo tu. Hawajasalimiana tena, miaka kumi na minne.

Padri alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nitubu, nirudishe, na nimsafishe Ndaki jina. Nikamwuliza kama haitoshi kurudisha kwa nia. Akasema kalipa si nia, ni chuma. Padri amejifunzia wapi mambo ya kalipa? Nimemwandika kwenye orodha.

Jumanne, 4 Julai

Nimekwenda kuziangalia. Pijo haijatembea tangu mvua za mwaka juzi. Magurudumu ya mbele hayazunguki hata ukiyabembeleza. Nikalala chini na tochi. Kutu kila mahali, nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Siwezi kuzirudisha hivi. Mayala atadhani namrudishia zile zile mbovu nilizomwachia, atanihesabia dhambi mbili.

Mpango wangu: zisafishwe zing'ae. Zijaribiwe barabarani. Kisha nizipeleke Malampaka kwenye kikapu, nimpe kwanza, nimwache azishangae, na wakati bado anazishangaa nimweleze haraka. Mtu mwenye kitu kizuri mkononi hapigi.

Justina amenikuta chini ya gari. Akauliza nafanya nini pale na moyo wangu huu. Nikasema natafuta yai. Akauliza tena, kwa sauti ya upole, gari hili nafikiria kumwachia nani.

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Mume wake Joakim ananunua pamba kwa kampuni binafsi tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ana mzani, ana turubai, hana gari. Sasa nimeelewa kwa nini uji wangu siku hizi una sukari nyingi.

Jumatano, 5 Julai

Nimemwita fundi Shija, mwenye gereji karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Akachungulia, akapiga mluzi. Akaeleza kwamba pistoni zimeganda ndani ya nyumba zake. Dawa yake ni kuzifungua, kuzisugua kwa brashi ya waya kwa nje na kwa msasa laini kwa ndani, kuweka raba mpya, kujaza mafuta mapya ya breki na kutoa upepo. Siku mbili. Akataka kuzichukua akafanyie kazi gereji.

Nikamwambia afanyie hapa hapa, nikimwona. Akasema hapa hana jiriwa ya kubania chuma. Nikamwambia alete jiriwa. Akacheka, akasema, "Mwalimu, jiriwa imefungwa kwenye meza, na meza imechimbiwa chini."

Mwenye majibu ya haraka namna hiyo si wa kawaida. Tena akazisifu kalipa zangu. Eti chuma cha zamani, madukani sasa zimejaa za Dubai, nyepesi. Mnadani, anayemsifu ng'ombe wako mbele yako ama ni mjinga ama ni mwizi. Shija si mjinga.

Kalipa zikitoka machoni pa mwenyewe huwa zinabadilika. Najua. Mimi ndiye niliyezibadilisha.

Kwa hiyo alipozifungua na kwenda kunywa maji, nikachukua tupa. Kalipa ina masikio mawili yanayopita bolti. Nikayakata kama tunavyokata masikio ya ng'ombe wa kwetu: mapengo mawili sikio la kushoto, moja la kulia. Alama ya baba yangu, na ya babu yangu. Nilipumzika mara tatu. Moyo uligonga kama mtu wa kodi. Lakini sasa, hata akizipeleka gereji, Shija hawezi kuniletea kalipa za mwingine.

Nimejipongeza kwa kipande cha kiazi.

Alhamisi, 6 Julai

Leo nikipiga mswaki nimesimama na povu mdomoni.

Nimeweka alama ya ng'ombe wetu kwenye mali ya Mayala.

Baba yake Mayala na baba yangu walichunga pamoja kule Migato. Mayala anaijua alama ile kuliko anavyojua sala ya Baba Yetu. Nitakuwa kama mwizi wa ng'ombe aliyekuja kutubu, na njiani akamkata masikio ng'ombe anayemrudisha.

Nikashika fimbo, nikaenda gereji polepole. Nimetumia saa nzima kwa mwendo wa dakika kumi. Shija akanipokea kwa furaha. Akasema ameyaona yale mapengo na ameelewa mara moja ni alama ya ukoo, mzee mzima hawezi kuchezea tupa bure. Basi amesugua kutu yote, lakini pale hakugusa. Zaidi ya hapo, ameyapaka rangi nyekundu ili yaonekane vizuri.

Yanaonekana. Ukisimama ng'ambo ya barabara utayasoma.

Nikamwomba ayasawazishe masikio. Akasema chuma kikipungua tena kitakatika bolti ikikazwa. Niliona kwenye rafu yake kalipa nyingine mbili za 504. Nikauliza ni za nani. Akasema za mteja wa Maswa. Nikazikagua masikio. Hazikuwa na pengo. Shija ni mwangalifu mno.

Ijumaa, 7 Julai, Saba Saba

Shija amezifunga kalipa kwenye gari ili tuzijaribu. Zimeng'aa hadi nimejiona pua. Akaniagiza niziache kavu kabisa, na nisipake kitu chochote, grisi ameshaiweka mahali panapotakiwa. Akaenda kula sikukuu.

Nikajiuliza. Kwa nini fundi anataka chuma kibaki kavu? Chuma kikavu kinaota kutu, nacho kikiota kutu fundi anaitwa tena. Baba yangu kila mwisho wa kilimo alipaka jembe mafuta ya mbegu za pamba, na halikushika kutu hata wakati wa mvua kubwa za zamani zile. Nikaingia jikoni. Justina ana dumu la mafuta hayo, hukaangia samaki. Nikapaka kalipa. Nikapaka pistoni hadi ndani ya raba. Kwa kuwa kutu huanzia kwenye diski, nikapaka na diski, pande zote mbili, kwa ukarimu.

Nikawasha Pijo. Iliitika kama kijana. Nikatoka getini bila kumuaga mtu, nikashuka barabara ya mnadani. Nilijisikia mwenye miaka hamsini.

Kwenye mteremko nikakanyaga breki. Ilikuwa kama kukanyaga ugali. Nikakanyaga tena. Gari likaendelea na mambo yake. Kutoka magurudumuni ikapanda harufu ya maandazi.

Mwisho wa mteremko kuna kituo cha kununulia pamba cha mkwe wangu Joakim. Wakulima walikuwa wamepanga foleni kwenye mzani. Wakaniona, wakaondoka. Nami nikaingia kwenye lundo la pamba, taratibu kabisa, kama mtu anayeingia kitandani. Kimya. Kila kitu cheupe. Nilifikiri ndiyo mbinguni, nikashangaa wamenipokea kabla sijarudisha kitu.

Joakim alinivuta kwa miguu. Kwa desturi yetu mkwe hali chakula akimtazama baba mkwe usoni. Leo huyu amenishika vifundo vya miguu mbele ya foleni nzima, suruali ikiwa imepanda. Maskini, hakujua atazame wapi. Akaziamkia soksi zangu: "Shikamoo, baba."

Nikiwa bado nakohoa nyuzi nikasikia foleni ikinijadili. Mmoja alisema chama cha ushirika kimenituma nimharibie mnunuzi binafsi. Mwingine akasema hapana, mnunuzi mwenyewe ndiye aliyenituma, nivuruge foleni kabla watu hawajakagua mzani. Mama mmoja akasema, "Mwacheni mzee wa watu, hamwoni amekuja kuuza gari?"

Gari halikuumia. Mimi pia. Joakim hakulalamika hata neno moja kuhusu pamba iliyoshika mafuta. Aliuliza tu kama nimeumia. Anataka nini huyu?

Jumamosi, 8 Julai

Kitandani. Amri ya Justina. Funguo za gari ameficha.

Shija amekuja kuzifungua kalipa. Raba zimevimba kwa mafuta, ameweka nyingine, akasafisha upya kila kitu na kuzifunga kwenye gazeti. Akaniuliza nani amepaka mafuta ya kupikia kwenye breki. Nikasema dunia ina watu wabaya. Akaafiki, akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilikusudia kuuliza kama raba mpya ni mpya kweli. Nikaacha. Mtu akiwa amelala chali hana nguvu ya kuhoji.

Jioni Justina alileta uji, akaketi miguuni pangu. Akasema kama nina jambo Malampaka atanisindikiza mwenyewe kwa basi, Jumatatu, na hatauliza kitu. Nikakubali. Ameondoka ndipo nikashtuka. Malampaka sikuitaja.

Kuanzia ukurasa huu naandika kwa herufi ndogo zaidi.

Jumatatu, 10 Julai, Malampaka

Naandika nikiwa kwenye benchi la stesheni, Justina ameenda kuulizia basi la kurudi. Lazima niandike kabla sijaanza kujirekebisha.

Tulifika saa tano. Kalipa zilikuwa kwenye kikapu, juu yake viazi. Mayala anaishi nyuma ya stesheni, ndani ya uzio wa minyaa. Amekonda. Naye ana fimbo. Pijo yake iko uani haina matairi, kuku wanalala ndani yake. Tukasalimiana Kisukuma. Mwangaluka. Mhola. Akauliza habari za ng'ombe wangu, ambao sina tangu mwaka themanini na tano, nami nikauliza za kwake, ambao hana. Tukafurahi.

Justina akaenda kusaidia jikoni. Nikampa kikapu. Akatoa viazi kimoja kimoja. Akatoa gazeti. Akatoa kalipa ya kwanza, akaigeuza juani, na yale mapengo mekundu yakamtazama.

"Constantine," akasema, "hii alama ya kwenu. Mbona unaniletea ng'ombe wako?"

Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Ilipotea yote. Nikasema ni zake. Nikasema nilizitoa kwenye gari lake mwaka 1981, Jumapili, na kutu ile ilikuwa yangu. Nikasema Ndaki hakuchukua kitu.

Mayala aliweka kalipa chini, juu ya gazeti, kwa uangalifu kama yai. Kisha akamwita mtoto wa jirani akamwambia akimbie kwa Ndaki.

Sikujua kwamba Ndaki anaishi nyumba tatu kutoka pale. Miaka kumi na minne, nyumba tatu. Alikuja, akasimama nje ya minyaa, hakuingia. Mvi kichwa kizima. Mayala akainuka kwa fimbo, akamfuata hadi kwenye uzio.

"Shemeji, nilikukosea. Mwizi ni huyu hapa."

Ndaki akanitazama juu ya minyaa. "Huyu mwalimu? Mkaguzi?"

"Huyo huyo."

"Aliyesema nilikuwa na haraka?"

"Ndiye."

Ndaki akafikiri. Akasema ni kweli, siku ile alikuwa na haraka, tumbo lilikuwa linamsokota tangu Bariadi. Mayala akaanza kucheka. Ndaki naye. Walicheka hadi Mayala akashikwa na kikohozi, mmoja ndani, mwingine nje. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

Halafu Ndaki akaacha kucheka. Akasema, "Lakini dada yangu alizikwa nikiwa nimesimama hapa. Hapa hapa nje."

Mke wa Mayala alifariki mwaka themanini na nane. Nilihudhuria. Nilikaa ndani, kwenye kiti.

Niliangalia viazi. Sikupata pengine pa kuangalia. Nikapiga magoti, jambo ambalo daktari amenikataza, nikaomba msamaha kwa wote wawili. Mayala akasema yamekwisha, inuka, utakufa hapa unipe kazi nyingine. Ndaki alichelewa. Alizunguka, akapita kwenye mlango wa ua, akaingia, akaketi, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akaniambia kwamba kwenye msiba wake nitasimama nje ya uzio. Nikamwambia nitatangulia mimi. Akasema basi kwenye msiba wangu yeye atakaa ndani, kwenye kiti, mbele.

Nikasema karibu sana.

Tukala ugali na maziwa ya mgando, watatu, sahani moja. Wakati wa kuondoka Mayala akazirudisha kalipa kwenye kikapu changu. Nikakataa. Akasema kuku hawahitaji breki, nenda nazo, tena zina alama yako.

Justina alikuwa mlangoni na taulo la vyombo. Macho mekundu. Alisema ni moshi.

Jumanne, 11 Julai, Bariadi

Nimelala kama mtoto. Mara ya kwanza tangu mwaka 1981. Nimeamka mwepesi, nimekunywa uji wote, sukari na yote. Padri Marcelo amepita akauliza, nikamweleza, akanibariki. Nimemfuta kwenye orodha.

Baada ya chakula cha mchana nimeanza kufikiri.

Kwa nini amesamehe haraka vile? Miaka kumi na minne, na imeisha kabla ugali haujapoa. Mimi nisingeweza. Na kwa nini hakuzipokea kalipa? Mtu hakatai mali yake mwenyewe, ila kama amechukua ya mwenzake iliyo kubwa zaidi na anaogopa hesabu. Mayala alilala kwangu wiki nzima mwaka 1979. Mwaka huo huo pampu yangu ya baiskeli ilipotea. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, maana sikuwa na moyo mweupe wa kuyaona.

Ni bahati kwamba jana nilichukua hatua kabla hata sijajua sababu. Wakati Mayala anamsindikiza Ndaki na Justina anaosha vyombo, nilizunguka nyuma ya ile Pijo. Taa ya nyuma ya kushoto ni nzima. Kioo chake halisi, hakina ufa, madukani hapa hakuna ya namna hiyo. Skrubu nne. Bisibisi nilikuwa nayo mfukoni.

Huu si wizi. Wizi hauna sababu. Nimeishika kama dhamana, mpaka Mayala mwenyewe aseme ukweli kuhusu pampu. Iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga ya marehemu mke wangu. Padri hakuiuliza, nami sikuona haja ya kumchosha.

Jambo moja tu linanisumbua. Ndani ya gari alikuwemo kuku mweupe, amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma. Alinitazama tangu skrubu ya kwanza hadi ya nne, hakupepesa.

Nimemwagiza Justina. Ijumaa arudi Malampaka, amnunue yule kuku kwa bei yoyote watakayotaja, tumle Jumapili.